Kuvua kwa Ufito wa Mwanzi na Mdudu wa Bandia Hapa Kigoma: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Tangu nianze kuonekana kwenye mawe ya Katonga na ufito mrefu wa mwanzi, bila kopo la minyoo wala wavu, sijapata amani. Watoto wananicheka, vijana wa mitumbwi wananiita "mzee wa fimbo", na kila anayepita ana swali. Nimechoka kurudia majibu yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Mzee, unavua bila chambo?

Chambo ninacho, ila hakiliwi. Mwisho wa mshipi wangu kuna ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu aliyeangukia majini. Samaki anadona akidhani amepata kitoweo. Yeye hula kwa macho kabla ya mdomo, na mimi navua kwa kumdanganya macho.

Kuvua kwa mnyoo ni kumngoja samaki aje. Mimi inabidi nijue leo anakula mdudu gani, saa ngapi, na kwenye maji gani. Ndiyo maana unaniona nimekaa juu ya jiwe nusu saa nzima nikitazama maji tu. Silali, bwana.

Ujanja huu umetoka wapi?

Kwa wavuvi wa mito ya baridi ya Ulaya na Marekani, wanaomvua samaki aitwaye trauti. Trauti hula sana wadudu wa majini, wale wanaokua chini ya mawe mtoni kisha wanapanda juu, wanapata mabawa na kuruka. Wajapani nao wana namna yao ya milimani, tenkara, ambayo haina gurudumu la kukunjia mshipi: ni ufito, mshipi uliofungwa kwenye ncha, na mdudu wa bandia. Zamani ufito wenyewe ulikuwa wa mwanzi. Mimi nimeiga zaidi hawa Wajapani, kwa sababu inafanana na tulivyovua utotoni.

Huyo trauti yupo Ziwa Tanganyika?

Hayupo na hawezi kuwepo. Trauti anataka maji ya baridi yenye hewa nyingi, nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi ndiyo raha yake, na yakipita 20 anaanza kuteseka. Maji ya juu ya ziwa letu hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Ungemtia humo ungekuwa umemtia kwenye sufuria.

Afrika Mashariki yupo, lakini kwa kupandikizwa. Kenya waliletewa trauti wa Ulaya mwaka 1905, wakatiwa kwenye mito ya Aberdare, na baadaye vijito vya Mlima Kenya. Hata kwetu Tanzania walipelekwa kwenye mito ya baridi ya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini. Huku magharibi hatuna mto wa baridi kiasi hicho. Na sioni kwa nini tulie. Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mtu mwenye utajiri huo anaazima mgeni wa nini?

Nimesikia wenzetu wa Ulaya na Marekani wanasubiri kwa hamu mwanzo wa machipuko. Kuna nini?

Kuna njaa. Majira ya baridi maji yanakaribia kuganda, na trauti, ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji, hukaa chini kabisa mahali penye mkondo wa pole bila kujisumbua. Mwezi wa tatu na wa nne theluji inayeyuka, mito inajaa maji ya baridi na ya rangi. Mvuvi wa wakati huo huzamisha mdudu wake mpaka karibu na kokoto za chini, kwa sababu samaki hatapanda kwa ajili ya kitu kidogo.

Halafu siku moja jua linawaka vizuri, maji yanafika nyuzi 10 hivi, na wadudu wa kwanza wa mwaka wanaibuka kwa wingi. Samaki wanaanza kula juu ya maji. Kinachonifurahisha ni saa zao. Sisi tumefundishwa kwamba mvuvi ni mtu wa alfajiri, lakini mwanzo wa machipuko wao wanaweza kunywa chai mpaka basi, kwa sababu mambo yanaanza saa tano asubuhi na kwisha kama saa tisa alasiri, wakati maji yamepata joto kidogo. Anayeamka saa kumi usiku anapata mafua tu.

Sasa sisi tusio na machipuko tunasubiri nini?

Tunasubiri kumbikumbi.

Hili ndilo jambo nililochelewa sana kulielewa. Miaka miwili nilifuata maelekezo ya Wazungu neno kwa neno, mwezi wa tatu, na visamaki wawili watatu ndiyo yaliyokuwa mavuno yangu. Kosa halikuwa la ufito. Nilikuwa nafuata kalenda ya mto usio wangu. Machipuko yetu ni mvua za kwanza, mwezi wa kumi mwishoni kuelekea wa kumi na moja, baada ya kiangazi kirefu. Ardhi inalowa, vichuguu vinafunguka, na kumbikumbi wanatoka kwa maelfu. Wewe unawaona kwenye taa ya baraza, mtoto ameshaweka beseni la maji chini yake. Lakini upepo huwapeleka wengine ziwani na kwenye vijito, na kumbikumbi akishagusa maji hainuki tena.

Siku hiyo nenda majini. Usisubiri kesho, kesho hawapo. Mvua ikinyesha usiku na kukatika alfajiri, mimi saa kumi na mbili na nusu niko kwenye mawe. Ikinyesha mchana, nakwenda jioni, jua likizama upande wa Kongo. Utaona duara dogo juu ya maji, halafu jingine, kama mtu anatupa changarawe moja moja. Hizo si changarawe.

Mwanzi upi unafaa?

Kuna miwili watu huniletea. Ule mnene wa manjano unaopandwa kama pambo ni mzuri kwa ngazi na uzio. Kwa ufito ni mzito na una uwazi mkubwa ndani. Ninaoupenda ni mwanzi mwembamba wa porini, ambao ndani umejaa au unakaribia kujaa. Tafuta wenye unene wa kidole gumba cha mtu mzima shinani, ukipungua taratibu mpaka unene wa penseli, urefu wa mita tatu na nusu hadi nne.

Usikate mwanzi mchanga. Mwanzi wa mwaka huu unang'aa, una ungaunga mweupe na maganda bado yameshika kwenye vifundo. Ukikauka utasinyaa. Kata wenye miaka mitatu au zaidi: rangi imefifia, una madoa, na ukiugonga kwa kisu unalia kavu. Kata kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, wakati sukari imepungua ndani yake. Ukikata masika, fukusi watakushukuru. Omba kwanza kwa mwenye shamba. Mwanzi ulioota ukingoni mwa mto unaweza kuwa ndio unaozuia shamba lake lisiende na maji.

Ukishaukata, uusimamishe kivulini, si juani, miezi miwili hadi mitatu. Ukihesabu vizuri, uliokatwa Juni uko tayari kabla kumbikumbi hawajatoka.

Umepinda kwenye vifundo. Unanyooshwaje?

Kwa moto wa mkaa, na kwa subira. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwanzi ni kinyume chake, unyooshe ukishakauka.

Washa jiko, acha mkaa uive mpaka usitoe moshi. Pitisha kifundo juu ya makaa, kama sentimita kumi juu, ukizungusha ufito kila wakati kama unachoma mshikaki. Baada ya dakika moja hivi utaona ngozi ya mwanzi inatoa jasho, mafuta mepesi yanayong'aa. Yafute kwa kitambaa. Rangi inageuka kutoka kijani kilichofifia kuwa ya asali. Hapo kifundo kimelainika. Kiweke gotini, kinyooshe kidogo kupita unapotaka, kishike hivyo hivyo ukihesabu hadi thelathini, kisha kipanguse kwa kitambaa kibichi kipoe. Funga jicho moja, tazama toka shinani hadi nchani kama fundi anavyotazama mbao. Nenda kifundo kinachofuata. Ufito wenye vifundo kumi na tano unakula jioni nzima.

Onyo: hewa iliyofungiwa kwenye pingili ikipata moto hupasuka. Mara yangu ya kwanza nilitumia ule mwanzi wa manjano, nikausahau juu ya makaa nikizungumza na shemeji. Ulilia kama risasi. Jirani alitoka na watoto wawili mikononi, na mke wangu mpaka leo hataki nitumie jiko lake. Toboa pingili kwa msumari wa moto kama ndani kuna uwazi, na usiache kuzungusha.

Zile fito za mwanzi za bei mbaya wanazouza nje zina nini cha ajabu?

Zile si mwanzi mzima. Mwanzi unapasuliwa, kila kipande kinapigwa randa mpaka kiwe na pembe tatu zilizo sawa, halafu vipande sita vinaunganishwa kwa gundi kuwa ufito mmoja wenye pande sita, usio na uwazi ndani. Nyuzi ngumu za mwanzi ziko karibu na ngozi yake, kwa hiyo fundi huranda upande wa ndani tu na ngozi haigusi. Vifundo hupishanishwa ili visikutane mahali pamoja, maana hapo ndipo pangevunjika.

Huko Marekani anatajwa Samuel Phillippe, fundi bunduki wa Easton, Pennsylvania, miaka ya 1840, kuwa miongoni mwa waanzilishi. Baadaye Hiram Leonard wa Maine akaleta mashine ya kuchonga vile vipande na kazi ikaenea. Mwanzi uliowashinda wote ni wa Guangdong, China, ambao wavuvi huuita Tonkin. Mwaka 1950 Marekani ilipozuia bidhaa za China, mwanzi ukaadimika, na fito za nyuzi za kioo zikachukua soko. Waliobaki na mwanzi ni mafundi wachache wanaotumia saa 40 au zaidi kwa ufito mmoja, na mpya huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Nimejaribu kutengeneza mmoja kwa randa ya seremala. Nilipata vijiti vizuri vya kuchomea mahindi. Anza na mwanzi mzima.

Mshipi uwe wa namna gani?

Mdudu wa bandia hana uzito, na chubwi hatuweki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, kwa hiyo lazima uwe na uzito kiasi, mnene upande wa ufito na mwembamba kuelekea ndoano. Nunua nailoni ya kawaida ya dukani. Suka nyuzi nne kwa urefu wa mita moja na nusu, punguza ziwe tatu kwa mita nyingine, kisha mbili. Mwisho funga uzi mmoja mwembamba wa mita moja, na huo ndio unaoshika ndoano. Wote kwa jumla usizidi sana urefu wa ufito, la sivyo utashindwa kumfikia samaki kwa mkono.

Kufunga ndoano: pitisha uzi tunduni, uzungushe juu yake mara tano, rudisha ncha kwenye kitundu cha kwanza, lowesha kwa mate, vuta polepole. Usiposahau mate, fundo halitakusaliti.

Nifundishe kumfunga kumbikumbi.

Ndoano namba 10 au 12. Uzi wa cherehani wa kahawia, upake nta ya nyuki kidogo ili ushike. Inayotoka Tabora ndiyo naijua. Shika ndoano kwa koleo dogo au ichomeke kwenye kizibo.

Zungusha uzi toka karibu na tundu mpaka mwanzo wa mpindo. Funga hapo kipande cha sufi ya kahawia, ile ya kufumia masweta, na uizungushe kurudi mbele ili upate tumbo. Kumbikumbi ni mnene, usimfanye kama sisimizi. Sasa mabawa. Anayo manne yanayolingana, yanalala mgongoni akianguka. Nimejaribu karatasi ya nailoni angavu, ikawa inasokota mshipi kama feni. Unyoya mweupe wa bata ni bora: kata vipande viwili vyembamba, vilaze juu ya tumbo, vipite mpindo kidogo. Mwisho chukua unyoya wa shingo ya jogoo, ule mrefu wa kung'aa, ushike kwa ncha na uzungushe mara tatu mbele ya mabawa. Nywele zake zitasimama pande zote, na hizo ndizo zinazomfanya aelee. Funga, kata, dondosha tone la rangi ya kucha kwenye fundo.

Jogoo wa jirani si wako. Sokoni Mwanga wachinja kuku wanatupa manyoya bure, omba kwa adabu.

Wako wa kwanza atafanana na mende aliyekanyagwa. Mvue hivyo hivyo. Samaki wa asubuhi ya kumbikumbi hana muda wa kukagua, ana haraka kuliko abiria wa treni ya Dar.

Narusha, mshipi unaangukia shingoni mwangu. Nakosea wapi?

Huupi nafasi nyuma. Inua ufito mpaka usimame karibu wima, SIMAMA, subiri mshipi unyooke nyuma yako, ndipo upeleke mbele na usimamishe mkono ukiwa usawa wa macho. Ufito ndio unaofanya kazi, wewe unaamrisha tu. Mwanzi ni mpole, unachelewa kidogo kuliko fito za dukani, kwa hiyo sema "moja, mbili" kimoyomoyo kabla ya kurudisha. Na angalia nyuma kama kuna mwembe, au mtu.

Niende wapi?

Mawe ya Katonga na Bangwe, alfajiri kabla mitumbwi haijachangamka. Kibirizi ni mahali pa dagaa na watu wako kazini. Usiwasumbue na mshipi wako. Midomo ya vijito ni mizuri sana baada ya mvua, lakini delta ya Luiche na kingo za Malagarasi zina mamba, na viboko pia. Huko sivui peke yangu, sisimami majini, wala siendi jioni. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale usitoe ufito kabisa bila kuuliza wenyewe.

Napata samaki gani?

Kwa ufito wa mwanzi, wengi ni wadogo: wale wa rangi rangi wa kwenye mawe, na ngege kwenye maji tulivu. Mara chache anakuja mgebuka anayefukuza dagaa karibu na ufuko, na hapo utajua mwanzi wako una moyo gani. Sangara mkubwa usimtamani, atakuachia kipande cha fimbo. Kuna kuhe, ambaye anaweza kufika karibu sentimita 90, mtamu kuliko wote kwa maoni yangu. Ila ukiona wawili wamesimama pamoja na wingu la vifaranga chini yao, hao ni baba na mama wanalinda watoto. Waache.

Kwa hiyo nitarudi na kitoweo?

Pitia Mwanga ununue migebuka.

Inahitaji leseni?

Uvuvi wote unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri ukiwa na ufito wako mkononi, mweleze unavua kwa kujiburudisha, akuelekeze. Mpitie pia mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo unaotaka, ni heshima na ni usalama wako. Fuatilia matangazo ya kufunga ziwa: mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mimi hiyo ni miezi ya kukata mianzi, kwa hiyo haikuniuma.

Kichocho je?

Kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Ndiyo faida nyingine ya kusimama juu ya jiwe. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali, usije kwangu.

Mama mmoja aliniuliza: binti yangu anaruhusiwa?

Mama, aliyenishinda kwa idadi msimu uliopita ni binti wa miaka kumi na moja. Ana subira ambayo mimi sina.

Unga mweupe unadondoka kwenye ufito wangu. Ni nini?

Ni fukusi, yuko ndani anakula. Paka mafuta ya taa kwenye vitundu, uweke juani siku nzima, kisha upitishe tena juu ya makaa. Ukiukunja na ukasikia unalia ndani, usijisumbue, huo umeshakuwa kuni.

Naweza kuleta wangu uninyooshee?

Lete, jioni yoyote isipokuwa siku mvua ya kwanza imenyesha, maana hutanikuta. Njoo na mkaa wako. Na jiko pia, nimeshasema la mke wangu siruhusiwi.